Jina lako limeanikwa mtandaoni: unyamaze, ujibu, uripoti au ushtaki?

Saiba yangu iko Kisumu, upande wa kwenda Kibuye, na siku hizi kazi nyingi si kuchapa wala fotokopi. Watu huingia wameshika simu kama mtu aliyeumwa na nyuki. "Omera, nitolee hii kitu." Hii kitu huwa ni posti: picha yake, jina lake, na maneno ambayo hakuyaandika yeye.

Wa karibuni alikuwa dada anayesuka nywele Kondele. Mtu alichukua picha yake ya wasifu, akaibandika pamoja na picha ya kitambulisho chake kwenye kikundi kimoja cha Facebook, akaandika kwamba amekula pesa za chama, kile kikundi chao cha akiba, na kutoroka. Yeye anasema alishalipa. Alipofika kwangu maoni yalikuwa yamepita mia na nyumbani kila mtu alikuwa na shauri lake. Mama alisema anyamaze, umbea huchoka wenyewe. Dadake alisema ajibu hapo hapo, tena kwa herufi kubwa. Shemeji alitaka wakili. Mimi nilikuwa nafikiria kitufe cha kuripoti, na hakuna aliyeitaja ofisi ya Kamishna wa Data, inayolinda taarifa binafsi za watu.

Wote walikuwa na hoja. Shida ni kwamba kila mmoja alikuwa akijibu swali lake: mama alitaka yaishe, dadake alitaka ukweli ujulikane, shemeji alitaka mtu alipe. Basi nimeziweka njia hizo tano pamoja, nikizipima kwa mambo manne: gharama yake, muda wake, kinachobadilika ukiifuata, na kelele, yaani ni watu wangapi zaidi watajua habari yako kwa sababu yake. Hilo la nne husahaulika, na ndilo linalowaponza wengi.

Kabla ya njia yoyote

Usifute, usibishane, usimpigie aliyeposti. Hifadhi kwanza. Piga skrinishoti ya posti nzima ikionyesha jina la akaunti, tarehe na maoni. Nakili kiungo chake, kwa maana skrinishoti isiyo na kiungo ni picha tu. Mwombe mtu mwingine naye aipige kwa simu yake. Mambo yakifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kutoka kwa mtu anayehusika na kifaa kilichotoa ushahidi wa kielektroniki, kinachoeleza ulivyopatikana. Nimeona mtu akija na hadithi nzuri na simu isiyo na chochote, kwa kuwa aliyemchafua alifuta posti usiku ule ule baada ya kupigiwa kelele.

Kisha jiulize: hiki kilichoandikwa ni uongo, au ni kweli ila ni siri yangu, au ni picha yangu? Jibu la swali hili hufunga baadhi ya milango na kufungua mingine.

1. Kunyamaza

Gharama ya pesa hakuna. Gharama ya usingizi ipo.

Kuhusu muda, mara nyingi umma wa Facebook na TikTok husahau haraka kuliko unavyodhani, kwani kesho atapatikana mwingine wa kuchekwa. Google ndiyo haisahau. Hapa majina ya kawaida yana bahati. Ukiitwa Mary Atieno au John Wafula, mnajificha wengi chini ya mwavuli mmoja. Mwenye majina matatu yasiyopatikana pamoja kwingine, posti ya mwaka 2019 humtangulia kwenye usaili wa kazi na kukaa kitini kabla yake.

Kelele ndiyo sifa kubwa ya njia hii: haiongezi hata mtu mmoja. Mwaka 2003 mwimbaji Barbra Streisand alimshtaki mpigapicha aliyeweka mtandaoni picha ya pwani ya California ambamo nyumba yake ilionekana, akidai dola milioni 50. Kabla ya kesi picha hiyo ilikuwa imepakuliwa mara 6 tu, 2 kati ya hizo zikiwa za mawakili wake mwenyewe. Kesi ilipovuma, watu zaidi ya 420,000 waliitembelea tovuti hiyo ndani ya mwezi mmoja. Na kesi akashindwa.

Kinachobadilika ni kidogo, lakini kunyamaza si kukaa mikono kifuani. Wakati huo ondoa namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa kwenye wasifu, ficha orodha ya marafiki, weka kwamba hakuna anayeweza kukutagi bila idhini yako, na ufunge albamu za zamani. Kama una kazi ya mikono, posti kazi yako kwa jina lako kamili, ili anayekutafuta akute misuko yako kabla ya matusi ya mtu.

Inamfaa aliyetukanwa tu, au aliyesemwa kwenye kikundi cha watu wasiomjua. Haimfai aliyeitwa mwizi wa watoto au wa pikipiki pamoja na picha na jina la mtaa. Huku kwetu neno "mwizi" halisubiri ushahidi, na kimya chako kinaweza kukukuta barabarani.

2. Kujibu hadharani

Bure, na ni ya siku hiyo hiyo. Ndiyo njia ya kasi kuliko zote tano, na ndiyo yenye kelele kuliko zote, kwa kuwa kila jibu lako huirudisha posti juu na kuionyesha kwa watu ambao wangelala bila kuiona.

Najua hili kwa gharama. Kuna mteja aliyewahi kuandika kwamba nimebaki na nywila yake ya KRA, mamlaka ya kodi, na kwamba naitumia. Uongo mtupu. Nilimjibu mara tisa kwa jioni moja. Jibu la kwanza lilikuwa zuri: nilieleza kwamba nywila hubadilishwa na mwenyewe, nikamwalika aje tuibadilishe bure. Jibu la saba lilikuwa na tusi. Hadi leo, skrinishoti inayozunguka ni ya lile la saba.

Jibu mara moja. Jibu pale pale iliposemwa, maana wanaosoma ukurasa wako si wale waliosoma kashfa. Taja jambo moja linaloweza kuthibitishwa, halafu uondoke. Zaidi ya hapo unawapa watu sinema.

Chunga pia usivunje ulicholalamikia. Wengi hujitetea kwa kumwaga taarifa nzima ya M-Pesa, na humo mna majina na namba za watu ambao hawamo kwenye ugomvi huo. Ziba mistari mingine, bakisha mmoja tu.

Kinachobadilika: posti haiondoki, ila inaanza kusomeka pamoja na upande wako. Kwa mfanyabiashara hilo lina uzito. Mama mwenye kibanda cha chakula Nakuru, pale Section 58, akisemwa kwamba chakula chake kiliumiza mtu tumbo, kimya chake wateja hukisoma kama kukiri. Kwa mtu binafsi jibu lenye nguvu zaidi ni lile lisilotoka kwake. Kwa yule dada wa Kondele, mweka hazina wa chama ndiye aliyeandika mstari mmoja kwamba deni lilikwisha, na tarehe. Mstari huo ulifanya kazi ambayo machozi yake yasingefanya.

Njia hii inamfaa mwenye ushahidi mfupi na moyo wa baridi. Ukijijua kwamba hasira yako haina breki, mpe mtu mwingine simu.

3. Kuripoti kwa jukwaa lenyewe

Hapa ndipo watu hukata tamaa mapema, nami naona sababu kubwa ni kwamba huripoti kosa lisilo sahihi.

Facebook, TikTok na X haziwezi kujua kama ulilipa chama. Ukiripoti kwamba "huyu anasema uongo kunihusu", mara nyingi utajibiwa kwamba posti haijavunja kanuni zao. Lakini posti ile ile ikiwa na picha ya kitambulisho chako, ripoti kitambulisho. Ikiwa ni akaunti iliyojifanya wewe, ripoti kujifanya mtu mwingine. Ikiwa na picha ya utupu, ripoti picha. Dada yule alikuwa ameripoti mara tatu kama unyanyasaji akakataliwa mara tatu. Tulipoibadilisha kuwa taarifa binafsi za utambulisho, posti iliondoka. Mwandishi wake hakuadhibiwa kwa uongo wake hata kidogo, na posti haipo. Chagua lipi linakukera zaidi.

Gharama ni bando tu. Muda ni wa bahati nasibu: saa chache, au wiki, au kimya kabisa. Kelele ni ndogo, kwani aliyeripotiwa haambiwi jina la aliyemripoti, ingawa mwenye akili atakisia.

Google ni jambo la pembeni. Haiimiliki tovuti iliyokuandika, ila inaweza kukubali kuondoa kwenye matokeo ya utafutaji vitu kama namba ya kitambulisho, namba ya simu, anwani ya nyumbani au picha za faragha, ukijaza fomu yake ya maombi. Ukurasa wenyewe utabaki ulipo, kwa hiyo mwandikie mwenye tovuti pia. Watu huniuliza kuhusu "haki ya kusahauliwa" waliyoisikia. Hiyo ilitokana na uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya wa mwaka 2014, na ni ya huko. Haifiki Kisumu wala Bungoma.

WhatsApp ina utaratibu wake. Ujumbe umefungwa kwa usimbaji, kampuni haiusomi, basi mtu wa kumwendea ni admini wa kikundi, ambaye anaweza kufuta ujumbe wa yeyote kwa wote. Mpigie, usimwandikie kikundini. Waliokwisha kuupeleka mbele hawamo mkononi mwake.

Kwa picha za utupu kuna zana ambayo laiti kila shule ya sekondari ingeifundisha. StopNCII, iliyoanzishwa mwishoni mwa 2021, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ndani ya simu yako mwenyewe. Picha haitoki. Inayotumwa kwa majukwaa yanayoshiriki, Facebook, Instagram na TikTok yakiwemo, ni ile alama tu, ili wakiiona picha hiyo waizuie. Ni ya waliotimiza miaka 18. Aliyepigwa picha akiwa mdogo zaidi ana Take It Down, inayofanya kazi kwa namna hiyo hiyo.

4. Malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data

Njia hii haikutajwa na yeyote katika familia ya yule dada, na kwa aina fulani ya shida ndiyo yenye meno kuliko zote.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikakipa mikono. Anayetumia jina, picha au namba yako lazima awe na msingi wa kisheria, kama vile ridhaa yako, na una haki ya kudai taarifa potofu isahihishwe au ifutwe. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini tatu zilizozungumzwa hadi vijijini: klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake, shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwingine kuwatumia vitisho na kuwasumbua kwa simu.

Gharama: kulalamika ni bure, kwa maandishi au hata kwa mdomo. Muda: sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kinachobadilika: mhusika anaweza kuamriwa afute, atozwe faini isiyozidi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo, au aamriwe kukulipa fidia. Faini si yako. Fidia ndiyo yako, kwa hiyo ukilalamika eleza umeumizwa vipi. Kelele ni ya wastani: uamuzi unaweza kuchapishwa.

Sasa mpaka wake. Sheria hii haigusi matumizi ya mtu binafsi au ya nyumbani. Jirani aliyekupiga picha kwenye harusi Mumias akaiweka kwenye stetasi yake si mteja wa ofisi hii. Hoteli, shule, saluni, kampuni ya mikopo au kliniki iliyokutumia kama tangazo, ndiyo. Anza kwa kuwaandikia wao wenyewe, ueleze picha ni ipi, iko wapi, na kwamba hukuridhia. Wengi huifuta siku hiyo hiyo, maana habari ya Casa Vera wanaijua.

5. Wakili, mahakama, polisi

Wengi huingia wakitaka "huyu afungwe". Kwa kosa la kashfa chini ya Sheria ya Adhabu, hilo halipo tena. Februari 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2016, ilikuwa imebatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kile kilichokuwa kikiwakamatisha watu kwa "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano". Kashfa leo ni kesi ya madai: unadai fidia, kuombwa radhi, na amri ya kufuta.

Polisi wanabaki na kazi hasa palipo na kitu zaidi ya maneno: picha za utupu, vitisho, kujifanya mtu mwingine, kudaiwa pesa ili picha isivuje. Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018, kifungu cha 37, inaadhibu kusambaza picha za faragha za mtu kwa faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka 2, au vyote. Ukienda kituoni, usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.

Kwa kesi ya madai, saa inakimbia: miezi 12 tu. Wengi hudhani ni miaka kadhaa kama madeni mengine. Na usiende Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake inakataa waziwazi kesi za kashfa. Utaenda kwa hakimu, na utahitaji wakili. Mara nyingi barua ya madai peke yake humaliza mambo, hasa kwa mtu mwenye kazi na anwani. Kwa akaunti isiyo na jina, barua huna wa kumpelekea.

Gharama ni kubwa kuliko zote, muda ni mrefu kuliko wote, na kelele ina sura ya pekee: hukumu za mahakama kuu na nyingine nyingi huwekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, zikiwa na jina lako na maneno yale yale uliyotaka yasahaulike. Aidha, ukweli ni utetezi. Kama sehemu ya posti ni kweli, utasimama kizimbani na kuulizwa juu yake. Shemeji yetu alipoyasikia haya alikunja uso akaomba chai.

Inamfaa aliyepoteza kitu kinachohesabika, kwa mfano kazi, tenda au wateja, na anayemjua aliyemwandika.

Kwa hali yako

Ikiwa umeitwa mhalifu pamoja na picha na mtaa wako, usalama kwanza: ripoti kituoni upate OB, mwambie chifu au mzee wa mtaa, kisha jibu moja hadharani, ikiwezekana kutoka kwa mtu anayeheshimika.

Ikiwa ni picha ya utupu, iwe ni ya kweli au imetengenezwa kwa kompyuta: ushahidi, StopNCII, kuripoti, polisi, kwa mfululizo huo na siku hiyo hiyo. Anayedai pesa usimlipe, atarudi.

Shule au biashara imekutumia, au imemtumia mtoto wako: barua kwao, halafu Kamishna. Mahakama ya kashfa haina nafasi kubwa hapo, kwani picha si uongo.

Mkopeshaji wa simu anawatumia jamaa zako ujumbe kwamba una deni: hata kama deni ni la kweli, lalamika kwa Kamishna, na umjulishe Benki Kuu, kwani kanuni za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji.

Matusi ya mtu mmoja kwenye kikundi cha mbali: mama wa yule dada alikuwa sahihi.

Na kama ulichoandikwa ni kweli, mathalani deni la chama ambalo hujalipa, njia zote tano ni nzito kuliko ile ya sita. Lipa, dai risiti, kisha mwombe aliyeposti aifute na uandike tarehe uliyomwomba. Akikataa, angalau sasa una kitu cha kumwonyesha wakili, na mimi nina kitu cha kukuchapia.